Njuga za mpwa wangu na lori lililotaka kuwasha moto Tuwan

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Na nyinyi vijana wa humu, niaje.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Lakini juzi mtu aliuliza hapa kwa nini mitaa ya watu wa chini inalipuka ghafla, na majibu niliyoyaona yamenikera sana. Mmoja anasema ni bangi. Mwingine anasema ni wanasiasa. Mwingine ati "watu wa huko hawana akili."

Bana! Mimi ndio mtu wa huko.

Kwa hivyo nitawaambia yaliyonipata, na chumvi siongezi. Majina nimebadilisha, maana bado tunaishi pamoja na bado tunasaga mahindi kwa mashine moja.

Naishi Tuwan, mtaa wa hapa Kitale. Nina posho mill, ile ya kusaga unga. Ukitaka kujua mtaa unafikiria nini, wacha kwenda kwa chifu. Njoo usimame foleni kwangu.

Mashine ikinguruma, watu lazima wapige kelele ndio wasikizane. Na mtu akipiga kelele, hata kitu anachokisia kinatoka kama kitu alichokiona kwa macho. Hiyo nimeisoma kwa miaka mingi ya kumeza vumbi ya unga.

Sasa upande wetu wa Tuwan, kila mtu alitoka mahali. Baba yangu alitoka Murang'a. Jirani yangu Mama Nekesa na mume wake walitoka Bungoma. Nyuma yetu kuna watu walioshuka kutoka Cheptais wakati kule mlimani kulikuwa na vita. Kuna Waturkana, kuna Wateso. Hakuna mwenyeji hata mmoja. Lakini tukikasirika, ghafla kila mtu ni mwenyeji na jirani ndiye mgeni.

Hebu nianze na moto, maana mambo yote yalianzia hapo.

Wiki chache kabla ya Agosti ya mwaka ninaousimulia, kisoko chetu kidogo kiliungua. Vibanda vya mbao, unajua vile vinashika. Asubuhi tulikuta majivu na mabati yaliyokunjika. Nani alichoma? Hatujui hadi leo. Inaweza kuwa waya ya stima ya wizi, inaweza kuwa jiko. Hakuna mtu aliyekuja kutuambia chochote. Siku zikapita, tukawa tunapita tu kando ya hayo majivu tukienda kazini.

Mmoja wa walioungua ni Njoro, fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yake ya welding ilienda, na milango ya watu aliyokuwa ameshamaliza ikaenda. Njoro si mtu mbaya. Nataka mshike hilo mapema kabla hatujafika mbali. Alikuja Tuwan akiwa mtoto, wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi, baada ya nyumba yao huko walikotoka kuchomwa na watu walioshuka kwa lori. Hiyo stori yeye haisimulii. Mama yake ndiye alinisimulia, siku moja akingoja unga.

Basi, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwa nini soko liliungua, watu wakaanza kujiambia wenyewe.

Nilisikia foleni ikijenga hiyo stori mbele ya macho yangu. Siku ya kwanza: "Hii moto si ya bure." Siku nyingine: "Wanataka kujenga soko jipya." Baadaye: "Vibanda vipya vitapewa watu wengine." Mwishowe ikatoka nzima: ati kuna vijana wanaletwa kutoka Bungoma kwa malori kuja kuchukua vibanda.

Nikauliza, "Nani amesema?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Si watu tu!"

Sasa Mama Nekesa huuza mboga za kienyeji hapo nje ya geti lake, saga na kunde na mitoo. Nikaanza kuona watu wanampita na kwenda kununua mbali, wakirudi wameficha mboga kwa mfuko. Salamu zikapungua. Yeye mwenyewe akaanza kuwaita watoto ndani jua likiwa bado juu. Mimi nikaanza kuchungulia barabara kila mara. Mke wangu, Mama Njoki, ananiambia mimi ni mtu wa kuogopa kivuli. Sawa. Lakini kivuli kina mwenyewe.

Ni katikati ya hayo ndipo simu ya Wafula ikaingia.

Wafula ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Wanjiru. Wanakaa karibu na Mabanga, huko Bungoma. Mahindi, ng'ombe wa maziwa, watu wa kanisa. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Wekesa.

"Shemeji, mwaka huu ni wa Wekesa," akasema.

"Wa nini?"

"Wa tohara, bana! Si nilikuambia Krismasi?"

Kwetu sisi Wakikuyu siku hizi kijana anapelekwa hospitali, anakaa ndani na mshauri wake, amepona, basi. Kwa Wabukusu, watu wa Wafula, si hivyo. Kijana anazunguka kwa watu wa ukoo akigonga njuga za chuma mkononi, akiwaalika, na kundi lote nyuma yake linaimba na fimbo juu. Na siku moja kabla ya kisu, lazima aende kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba anachinja ng'ombe, anamkaripia, anampiga hata kofi, halafu anamvisha shingoni nyama ya kifua ya huyo ng'ombe. Wanaiita likhoni. Kijana akirudi nyumbani bila hiyo nyama shingoni, ni aibu, na wazee wanasema ni mkosi wa maisha.

Mjomba mwenyewe ni mimi.

Nikauliza, "Mtakuja watu wangapi?"

"Wachache tu. Lori moja."

Wakuu, lori moja! Nilikaa chini kwa gunia la mtu.

Nikamweleza. Nikamwambia huku si kuzuri, soko limeungua, watu wanasema maneno juu ya malori ya Bungoma. Nikamwomba waje kwa gari ndogo, mtoto na wazee wawili, bila njuga na bila nyimbo.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Unataka mtoto aje kwa mjomba wake kama mtu ameiba kuku?"

"Sio hivyo, shemeji."

"Akinyamaza njiani, wenzake watasema ameogopa. Kesho yake akitetemeka mbele ya kisu, ni wewe umemtetemesha." Akavuta pumzi. "Lakini kama ni shida, wacha. Kuna watu hapa Mabanga wanaweza kusimama kama mjomba wa kuazima. Mtoto tu ndiye atajua kwamba wake yuko hai na alimkataa kwa sababu ya majirani."

Nikasikia simu ikinyang'anywa. Ni Wanjiru.

"Kaka, miaka yote hapa mimi naitwa yule wa Kitale. Mtoto wangu akikosana na wenzake wanamwambia hana kwa mjomba. Nipe hii moja tu. Sitawahi kukuomba nyingine."

Nyinyi mngesema nini? Mimi nilisema waje.

Halafu nikafanya kitu ambacho nilidhani ni cha busara kabisa. Niliamua kuwaambia watu ukweli mapema, ndio mtu asishtuke. Foleni ikiwa imejaa, nikazima mashine. Ikawa kimya, watu wakanigeukia.

Nikasema, "Jamani, Jumamosi nina wageni wangu kutoka Bungoma. Watakuja kwa lori. Ni sherehe ya tohara ya mtoto wa dada yangu. Mtasikia njuga na mtaona fimbo, lakini ni ngoma tu. Msiogope."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Mama mmoja akasema, "Asante kwa kutuambia, Baba Njoki." Nikawasha mashine na roho ikatulia. Nilijisifu hata, ati ona vile mambo yanatulizwa na mtu mzima.

Jioni Mama Njoki alirudi kutoka kwa bomba ya maji akiwa amebadilika uso.

"Umesema nini huko?"

"Nimewaambia ukweli."

Akanisikizisha sauti iliyotumwa kwa group ya mtaa. Mtu alikuwa anaongea kwa haraka: "Watu wangu, hii kitu si uvumi tena. Hata mwenye posho mill amekubali kwa mdomo wake. Wanakuja Jumamosi, kwa lori, wakiwa na fimbo. Na ametuambia tusiogope. Sasa jiulize, mtu anakuambia usiogope ya nini?"

Kila neno nililosema lilikuwa mle. Tohara tu ndiyo ilikuwa imebaki njiani.

Nikajaribu kuandika kwa group. Nikaandika ndefu, nikaeleza. Watu wakaisoma na hakuna aliyejibu. Halafu mtu akatuma picha ya lori fulani, sijui la wapi, sijui la lini, na kelele zikaanza upya.

Ijumaa ng'ombe akafika, dume jeusi. Nilimvuta kwa kamba kutoka barabarani mpaka kwangu, na kila geti nililopita, pazia ilisogea. Nilidhani wakiona ng'ombe wa sherehe wataelewa. Wapi! Nilisikia kwa masikio yangu kijana akiuliza mwenzake, "Ng'ombe mzima ni chakula ya watu wangapi? Hiyo si ni ya jeshi?"

Nilifikiria kupiga simu polisi. Kweli nilishika simu. Lakini nikaona kwa akili yangu wale watoto na fimbo zao wakikutana na gesi ya machozi, na risasi, na nani atasikiza mambo ya mjomba hapo? Nikaiweka simu chini.

Jumamosi.

Asubuhi tulichinja. Aliyekuja kunisaidia ni Baba Nekesa, mume wa yule jirani, kwa sababu mimi hata sikujua hiyo nyama ya kifua inakatwa vipi. Alipitia nyuma ya choo ndio asionekane. Mtu mzima, baba ya watoto, anapita nyuma ya choo cha jirani yake mchana kweupe. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Nikatoka kidogo kuangalia barabara. Pale mtaroni, mahali unaingilia upande wetu, vijana walikuwa wameshapanga mawe. Tairi mbili zilikuwa zimelala kando, bado hazijawashwa. Wengine walikuwa na marungu. Mbele yao alisimama Njoro.

"Baba Njoki," akaniambia, "mimi sina kitu na wewe. Lakini safari hii hawatatukuta tumelala."

"Njoro, ni mtoto wa Wanjiru! Si ni Wanjiru alikuwa akikuangalia hapa hapa ukiwa mdogo?"

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, mtu hajalala.

"Mtoto mmoja anahitaji lori?"

Ungemweleza nini mtu ambaye kwake lori la vijana wanaoimba lina maana moja tu, na aliijua akiwa bado anashikwa mkono na mama yake?

Nikampigia Wafula. Simu inalia tu. Nikapiga tena. Baadaye niliambiwa kelele ya nyimbo ndani ya lori ilikuwa kubwa, hakuna aliyesikia. Nikarudi nyumbani. Baba Nekesa alikuwa ameshatoa ile nyama, imekaa kwa majani ya ndizi.

Ndipo tukasikia njuga.

Mbali kwanza. Halafu filimbi. Halafu nyimbo. Walikuwa wameshukia barabarani huko juu ndio waje kwa miguu, vile inatakiwa. Baba Nekesa akasimama na kisu mkononi. Akanisukumia ile nyama kifuani.

"Kimbia! Mtoto asifike kwa mawe kabla hajafika kwa mjomba."

Nikakimbia. Mimi na kitambi changu, na nyama mbichi mikononi, damu inanitiririka kwa shati. Nilikuwa naomba kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote iliyokuja.

Nilipofika mtaroni tairi ilikuwa inaanza kufuka moshi. Upande wa pili, Wekesa alikuwa mbele kabisa. Kifua wazi, shanga zimepishana, mikono inagonga njuga. Nyuma yake kundi limejaa barabara nzima, fimbo na matawi juu, wanaruka. Kwa mtu asiyejua, kusema ukweli, hata mimi ningeogopa.

Kabla sijafungua mdomo, jiwe likaruka.

Nililiona likitoka mkononi mwa Njoro. Likampata Wekesa juu ya jicho.

Nyimbo zikakatika. Zikabaki njuga tu.

Maana huyo mtoto hakuacha kugonga. Damu ilishuka kwa jicho, ikashuka kwa shavu, na hakushika uso. Alikuwa ameambiwa toka mdogo kwamba siku hizi mbili hatakiwi kushtuka kwa chochote, na yeye alidhani hiyo pia ni sehemu yake. Ati labda ndivyo wajomba wa Kitale hupokea watu.

Lakini wale wa nyuma yake hawakudhani hivyo. Niliona mikono ikishuka, ikashika fimbo kwa njia nyingine. Fimbo ni zile zile za ngoma. Upande wetu nao wakainama kuokota mawe. Nakuambia, hapo katikati palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu na dakika yenyewe haikuwa nzima.

Niliruka mawe. Sijui vipi, usiniulize.

Nikasimama mbele ya Wekesa. Kutuliza watu nilikuwa nimeshajaribu na mliona matunda yake. Basi nikafanya ile kazi iliyonileta. Nikamkaripia.

"Nani amekuita hapa?" nikapiga kelele mpaka koo ikauma. "Wewe ni mwanamume? Nani amekudanganya wewe ni mwanamume? Ukilia kesho usirudi kwangu! Usikanyage hapa! Umesikia?"

Sasa sikizeni maajabu. Vijana wa Tuwan walidhani namfukuza, wakashangilia, "Waambie, Baba Njoki!" Na watu wa Bungoma wakajua mara moja ni mjomba anafanya kazi yake, wakajibu kwa sauti moja ile ya kutikisa ardhi. Pande zote mbili zinashangilia, kila moja na lake. Kila mtu akangoja kuona nitafanya nini.

Nikamvisha nyama.

Ilipita kichwani, ikakaa shingoni, nzito. Damu ya ng'ombe ikachanganyika na yake. Halafu nilitakiwa kumpiga kofi. Nikainua mkono, nao ukakataa. Jiwe lilikuwa limeshapiga kwa niaba yangu. Nikafuta lile jicho na mkono wa shati, nikiwa nalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Akaninong'oneza, "Mjomba, nimesimama?"

"Umesimama," nikamwambia. "Umesimama vizuri sana."

Ndipo kigelegele kikapanda nyuma ya mawe. Ni Mama Nekesa. Yule aliyekuwa amejifungia na watoto wake. Alipita katikati ya vijana wenye marungu na leso kiunoni, anacheza, anawasukuma kando, "Nipisheni, ni mtoto wa tohara, nipisheni!" Mke wangu akamfuata. Halafu mama yake Njoro, mzee anayevuta mguu, akauliza kwa sauti, "Kwani huyu si mtoto wa Wanjiru?"

Njoro alikuwa bado ana jiwe lingine mkononi. Aliliangalia lile jicho la Wekesa muda mrefu. Halafu akaliweka jiwe chini polepole, akaondoka, akapitia kando ya majivu ya soko.

Mtu akamwagia tairi maji. Kundi likapita.

Msidhani kila mtu alikuja kula nyama tukakumbatiana. Wengine walikuja. Wengine walisimama getini wakiangalia. Wafula hakunisemesha mpaka jioni, na alikuwa na haki. Wanjiru, aliyekuwa amekuja na lori hilo, alimwosha mtoto uso. Halafu wakapanda lori warudi, na mimi nikaenda nao, maana kama wangerudi peke yao ningekufa na presha.

Alfajiri, huko Mabanga, Wekesa alisimama mbele ya watu wote akiwa amepakwa matope, jicho moja limefura limefunga. Sikuweza kuangalia kisu. Niliangalia lile jicho zima. Halikupepesa.

Sasa mnauliza mitaa inalipuka kwa nini. Mimi naona hivi. Bangi ipo, siasa ipo, kukosa kazi kupo, sikatai. Lakini siku ile hakuna mwanasiasa aliyekuwa mtaroni. Kulikuwa na watu walioungua na hakuna aliyewaambia waliunguzwa na nini. Ukimwacha mtu na swali kama hilo, atachukua jibu lolote litakalopita barabarani. Letu lilipita na njuga.

Na kingine. Mimi nilidhani ukweli ukisemwa unatosha. Kumbe ukweli nao ukipita foleni ya watu wenye hofu, unafika mwisho umevaa nguo za hofu yao.

Miezi ikapita. Njoro hakuja kusaga kwangu, mama yake alituma watu wengine. Halafu siku moja nikamwona foleni na debe lake. Akangoja zamu yake. Nilipommiminia unga akauliza, bila kuniangalia, "Yule kijana. Kwa kisu. Alisimama?"

"Alisimama."

Akabeba unga akaenda.

Siku chache baadaye akarudi bila mahindi. Alikuwa ameazima mashine ya kuchomelea kwa mtu. Akaweka kwenye meza yangu kitu kimefungwa kwa karatasi. Njuga. Jozi nzima, za chuma, amezifua mwenyewe, sauti safi.

"Si huyo kijana ana mdogo wake?" akasema. "Za mdogo wake."

Nilizitundika kwenye msumari, juu ya mashine. Mashine ikiwashwa ukuta unatetemeka na zinalia zenyewe. Watu wa foleni wanauliza, hizo ni nini? Nami nazima mashine, nawaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilifurahi sana. Nilisema safari hii nimepata dawa, zamu ya mdogo wake Wekesa ikifika, hakuna mtu wa Tuwan atakayeshtuka.

Sasa hiki ndicho kimenifanya niandike leo.

Jana Mama Njoki amerudi kutoka kwa bomba ya maji na uso ule ule. Ati mtaani kuna maneno. Ati ile siku vijana wa lori walikuja kushambulia, wakarudishwa kwa jiwe moja. Na ati zile njuga zilizoko kwa posho mill si za mtoto yeyote. Ni ishara. Ati siku nitakapozigonga, lori litakuja.

Njoro amesikia pia. Amekuja asubuhi, amesimama mlangoni, ananiuliza, "Nizichukue?" Nimemwambia ngoja niwaulize nyinyi kwanza. Amekaa hapa kwa gunia anangoja.

Kwa hivyo wakuu, hasa nyinyi mnaoishi mitaa kama yetu: nizitoe ama niziache? Nikizitoa, watasema nimeficha. Nikiziacha, watasema ziko tayari. Na mtoto wa dada yangu, yule mdogo, anakuja, na kuja kimya hawezi.

Andikeni hapa chini, nitasoma zote. Foleni imejaa, lazima niwashe mashine, na nikiiwasha zitalia.